Je, Uvumilivu ni Udhaifu?

Watu wengi husema ya kwamba mwenye nguvu ndiye apigaye, na angojaye ni mtu dhaifu. Baba ampigaye mwanawe kwa kosa la kwanza huogopwa na kusifiwa. Baba amwonyaye mara ya pili na ya tatu huchekwa na jirani. Mtu aliyekosana na ndugu yake, akaapa kutosema naye mpaka kufa, huitwa mwanamume kweli. Aendaye kumtafuta nduguye husemwa ya kuwa ameogopa. Nao wakatekumeni, wasikiapo mafundisho juu ya fadhila ya uvumilivu, pengine huwaza moyoni: fadhila hii yawafaa wazee ambao mikono yao imekwisha nguvu. Je, mawazo hayo ni ya kweli? Yafaa kulichungua swali hili vizuri, na pengine kazi ya mikono italiangaza kuliko maneno mengi.

Chukueni mfano wa ndugu wawili wa tumbo moja, wakaao katika kijiji kimoja cha milimani, juu ya Moba. Baba yao alipokufa aliwaachia motokari moja kuukuu ya mizigo. Kwa motokari hiyo huteremsha mahindi na maharagwe mpaka bandarini, kando ya Ziwa Tanganyika, kisha hupanda tena na samaki wakavu. Mkubwa ni mkatekumeni wa mwaka wa mwisho. Jina lake limekwisha kuandikwa miongoni mwa watakaobatizwa usiku wa Pasaka. Mdogo wake bado ni kijana asiye na mke, naye ndiye apakiaye mizigo na kuilinda motokari usiku.

Siku moja ya Ijumaa, katikati ya Kwaresima, breki za gurudumu la nyuma zilianza kulia na kushika vibaya. Kesho yake motokari ilipaswa kushuka mlimani kwenda sokoni, imebeba magunia, na juu ya magunia watu, akina mama na watoto wao. Mkubwa alikusudia kulitoa gurudumu mwenyewe nyumbani, azitazame breki. Akaiinua motokari kwa kriki, akaanza kufungua. Nati tano zilifunguka. Ya sita ilikataa. Mvua ya miezi mingi ilikuwa imeijaza kutu.

Hapo alitwaa ufunguo uliokuwa mkubwa kidogo kuliko nati, akauvika bomba la chuma ili uwe mrefu, akaukanyaga kwa miguu yake miwili. Motokari ikatikisika juu ya kriki. Ufunguo ukateleza, pembe za nati zikalika, na vidole vyake vikachubuka hata kutoka damu.

«Mkubwa,» akasema mdogo wake, «tungoje kwanza. Niende kumwita mzee fundi.»

«Nyamaza! Ni wewe uliyeiacha mvuani. Tangu baba afe hujafanya kazi hata moja ikanyoka!» Na katika hasira yake aliutupa ufunguo upande aliosimama mdogo wake. Haukumpata, ulipiga ukuta wa jiko. Lakini kijana alikuwa ameuona mkono wa nduguye ukiinuka. Akaondoka bila neno, akaenda kwa mama yao.

Mkubwa alipobaki peke yake, wazo lingine lilimjia: kuzirudisha zile nati tano, kuziacha breki kama zilivyo, na kushuka sokoni kesho. «Mungu atatulinda,» akasema. Alikuwa angali akiwaza hivyo mzee fundi alipofika, maana kijana, ingawa alikuwa na uchungu, alipita kwanza nyumbani kwake kumwita.

Mzee hakuishika nati upesi, aliitazama. Kisha akaagiza motokari ishushwe chini, na nati mbili zirudishwe mahali pake, ili gurudumu lisishikwe na moja tu. Maana nati za gurudumu hulegezwa gurudumu likiwa limekaa imara juu ya ardhi. Ashindanaye na nati motokari ikiwa juu ya kriki aweza kuangukiwa. Akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Akatwaa brashi ya waya, akasugua nati na ncha ya bolti mpaka chuma kikaonekana. Akachanganya mafuta ya taa na mafuta kidogo ya injini, akadondoshea pale nati inapokutana na bolti. Akachukua nyundo ndogo, akaigonga nati pande zote, taratibu, kama mtu abishaye hodi. Kwa mitikisiko hiyo kutu hupasuka kidogo kidogo, na mafuta hupata njia ya kuingia. Akatia mafuta tena, akakusanya vyombo vyake.

«Yatosha kwa leo, mwanangu. Usiku ni wa mafuta.»

«Na soko, baba?»

«Soko litakuwako juma lijalo. Wale watu hawatakuwako, wakianguka mlimani.»

Sasa yafaa kuuliza: kati ya watu hawa wawili, ni nani aliyekuwa na nguvu? Yule aliyekanyaga ufunguo alitokwa na jasho jingi, na kazi yake yote ilikuwa kuiharibu nati na kumfukuza nduguye. Mzee alifanya kazi nyingi kuliko yeye, tena kazi yenye akili, na baada ya kuifanya akaweza kukaa bila kushika chombo. Ndiyo maana haifai kusema ya kuwa uvumilivu ni uvivu. Mvivu hungoja bila kutia mafuta. Mvumilivu hutia mafuta, kisha hungoja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Eklezya aliyeishi tangu mwaka 1225 hata 1274, alifundisha ya kwamba uvumilivu ni wa ukoo mmoja na ushujaa. Tena alisema ya kuwa tendo kubwa la ushujaa ni kusimama imara katika shida, kupita kushambulia. Sababu zake zaeleweka hata na mtu asiyesoma vitabu. Ashambuliaye hujiona kuwa mwenye nguvu kuliko adui yake; asimamaye imara huwa amekabiliwa na jambo lenye nguvu kumpita. Ashambuliaye huitazama hatari kama kitu kitakachokuja. Astahimiliye yumo ndani yake tayari. Tena kushambulia kwaweza kuwa kwa dakika moja, bali kustahimili ni kwa muda mrefu. Kila mtu aliyeuguza mgonjwa mwaka mzima ajua ya kuwa maneno haya ni kweli.

Lakini mzee hakuwa na uvumilivu tu. Alikuwa na maarifa. Alijua kwa nini nati imekataa. Chuma kikipata maji na hewa huota kutu, na kutu hiyo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma iliyokila. Kati ya nati na bolti nafasi ni ndogo mno. Kutu ikijaa humo, huvibana vyuma viwili hata vikawa kama kimoja. Nati haina ubaya wala kiburi. Imelemewa na kitu kilichoingia polepole, tone kwa tone, siku ambazo hakuna aliyeitazama. Mkubwa alipoipiga kwa hasira alipigana na nati; mzee alipigana na kutu.

Hivyo ndivyo ilivyo katika moyo wa mtu. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika Tagaste, mji wa Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Algeria. Aliijua kweli ya imani kabla ya kuweza kuifuata, na katika kitabu cha maungamo yake alieleza kilichomzuia. Mapenzi yakipotoka huzaa tamaa. Tamaa ikitumikiwa huzaa mazoea. Na mazoea yasipokatazwa hugeuka kuwa kama lazima. Mama yake, Mtakatifu Monika, alimwendea askofu mmoja akamwomba ajadiliane na mwanawe amshinde kwa maneno. Askofu yule hakukubali, kwa sababu aliona ya kuwa wakati wake haujafika. Alimshauri amwache na kumwombea. Monika akalia na kusali miaka mingi. Mwaka 387, usiku wa Pasaka, Augustino alibatizwa Milano na Mtakatifu Ambrosi. Askofu yule alitambua ya kwamba ufunguo ukija kabla ya mafuta huharibu pembe za nati.

Kwa sababu hiyohiyo ukatekumeni si wa siku mbili. Wamisionari wa Afrika, waitwao pia Mapadri Weupe, walipofika Mpala mwaka 1885, walifuata amri ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliyetaka watu wazima wafundishwe na kujaribiwa miaka minne kabla ya ubatizo. Walikuwako watu walionung'unika. Hata leo wako wakatekumeni wasemao: «Nimekwisha kuyajua masali yote kwa kichwa, kwa nini ningojeshwe?» Lakini masali yaweza kukaa kichwani na kutu ikabaki moyoni. Kutoka nchi hiyohiyo ya ziwa alitoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi, aliyepewa upadri huko Baudouinville, yaani Moba ya leo, mwaka 1917. Kutoka kufika kwa wamisionari Mpala hata siku ile ilipita miaka thelathini na miwili. Aliyeyapanda mavuno kama hayo hakuwa na haraka.

Hapa mtu aweza kubisha: «Kama ni hivyo, basi nguvu zote ni mbaya, na ubaya wote wapaswa kungojwa.» Sivyo. Mzee alikuwa mpole kwa nati, lakini juu ya breki hakuwa na upole hata kidogo. Hakusema, «Tuvumilie breki mbaya mpaka mwezi ujao.» Alikataza safari papo hapo, ingawa soko lilipotea na fedha zilipotea. Maana nati hakumdhuru mtu kwa kungojwa usiku mmoja, bali breki mbaya ingeua watu. Uvumilivu wa kweli hautolewi kwa uhai wa wengine. Mume apigaye mkewe, mlevi ashikaye usukani, mwenye nguvu amnyang'anyaye mjane shamba: hao wazuiwe leo, kisha wavumiliwe katika kuongoka kwao. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, aliye mpole na mnyenyekevu, aliwafukuza wachuuzi hekaluni. Na neno lile la mkubwa, «Mungu atatulinda,» lafanana na sala, lakini lilikuwa kumjaribu Mungu.

Tena nguvu ina mahali pake hata katika kazi ya nati. Mzee alijua ya kuwa kesho atavuta, na kuvuta sana. Lakini nguvu yapaswa kutimiza mambo matatu: iwe na chombo kinachofaa, maana ufunguo uliolegea hula pembe, ielekee upande wa haki, maana katika malori mengine ya zamani nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume, na mtu asiyejua hukaza akidhani afungua, tena ije kwa wakati wake. Baba amwadhibuye mwanawe na ajiulize hayo matatu. Watu husema, samaki mkunje angali mbichi, nao wana haki. Lakini hata samaki mbichi akikunjwa kwa hasira huvunjika.

Na ikiwa nati haifunguki kabisa? Mafundi wana njia ya mwisho: huipasua kwa patasi. Hata hapo huikata nati, huku wakiilinda bolti, kwa kuwa nati yaweza kununuliwa nyingine. Hivyo ndivyo ilivyo kwa dhambi na mwenye dhambi. Mwizi na arudishe mali, mlevi na akimwage kileo, mwenye hawara na amwache. Kukata huko kwauma, wala hakuepukiki. Lakini anayekatwa asiwe mtu mwenyewe.

Limebaki swali gumu kupita yote. Nati haina hiari. Ikitiwa mafuta na kugongwa vizuri, mara nyingi hulegea. Mtu ana hiari. Mama aweza kulia kama Monika, na mwanawe asirudi. Je, hapo uvumilivu umekuwa bure?

Bwana Yezu alitoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe, kwa kuwa miaka mitatu alitafuta tunda asipate. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi, akaahidi kuupalilia na kuutilia samadi. Na mwisho wa mfano huo ni upi? Bwana hakuusema. Hakuna ajuaye kama mtini ule ulizaa. Labda Bwana aliunyamazia ili wasikilizaji wajue ya kuwa wao wenyewe ndio mtini, na jibu liko kwao. Lakini jambo moja li wazi: mtunza shamba alifanya vema siku ile alipoomba, kabla tunda halijaonekana. Uvumilivu si ujanja wa kumshinda mtu polepole. Ni namna ambayo Mungu mwenyewe anamtendea kila mwanadamu, naye amtendeaye nduguye hivyo amefanana na Baba yake wa mbinguni, hata kama ndugu hatafunguka.

Usiku ule mkubwa hakupata usingizi. Alifikiri, «Mdogo wangu naye ana hasira, nimwache, mafuta yaingie.» Neno hilo lilimpendeza kwa muda. Kisha akatambua ya kuwa amejidanganya, maana hakuwa ametia mafuta yoyote. Mtu aliyekosewa aweza kumngoja mwenzake kwa uvumilivu; aliyekosa hana cha kungoja. Alikuwa amefundishwa ya kuwa mwenye kuleta sadaka altareni, akikumbuka ya kwamba nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza kupatana naye. Naye alikuwa akijitayarisha kuleta altareni nafsi yake nzima.

Kabla ya jua alikwenda kwa mama yao, akabisha hodi. Mdogo wake alikuwa macho, lakini hakuitika. Mkubwa akakaa kizingitini. Akasema, «Mdogo wangu, niliutupa ufunguo ule ili ukupate. Nilifanya vibaya. Na neno lile juu ya kazi yako ni uongo. Tangu baba afe ni wewe umeilinda motokari, mimi nalala.» Ndani kulikuwa kimya. Akabisha tena, akakaa tena. Jua lilikuwa limekwisha kutoka mlango ulipofunguka.

«Nati imefunguka?» akauliza kijana.

«Bado. Mzee asema mikono yangu ni mizito.»

Wakaenda pamoja. Mzee alikuwa ametangulia, ametia mafuta tena. Alitwaa ufunguo wa duara wenye pembe sita, mdogo kidogo kwa nati iliyolika, akaupigilia kwa nyundo mpaka ukakaa barabara. Akampa kijana mpini. Hakumwamuru kufungua, alimwamuru kwanza akaze, kidogo tu. Chuma kikalia, kutu ikakatika. Kisha fungua kidogo, kaza kidogo, mafuta tena, fungua. Mkubwa alishika taa na kunyamaza. Baada ya muda nati ikaanza kuzunguka kwa vidole. Pembe zake zilikuwa zimelika, haikufaa tena, wakaiweka nyingine. Bolti ilikuwa nzima. Breki zikatengenezwa siku hiyo, na Jumamosi iliyofuata motokari ikashuka mlimani.

Basi, mkatekumeni asomaye habari hii na aangalie juma hili kama yuko ndugu aliyemwelekezea mkono au neno la hasira. Akiwa ni yeye aliyekosa, asiseme, «Nangoja wakati.» Aende leo, abishe hodi, na mlango usipofunguka akae kizingitini. Akiwa ni yeye aliyekosewa, atie mafuta: sala moja kila jioni kwa ajili ya mtu huyo, na salamu moja kila asubuhi, iitikiwe au isiitikiwe. Kisha usiku na aumwachie Mungu, ambaye miaka yote amemngojea yeye.